Kitenzi “get”: tazama kinachofuata



Chukua mfano wa maelekezo ya dawa ya kupaka yaliyoandikwa kwa Kiingereza: “If you get a rash, or if you get some of it in your eyes and they get red, get to a hospital.” Ni sentensi moja tu, lakini kitenzi “get” kimo ndani yake mara nne. Mtu aliyefundishwa kwamba “get” maana yake ni kupata, akaishia hapo, ataona kuna kitu fulani cha kupata, lakini hatajua anaonywa kuhusu hatari gani. Kwa Kiswahili tungesema: Ukitokwa na vipele, au dawa ikikuingia machoni na macho yakawa mekundu, nenda hospitali. Kitenzi “kupata” hakikuhitajika hata mara moja.

Jambo hili linatugusa wengi. Mafrateri wanasoma falsafa na teolojia kwa Kiingereza, na wakitumwa vigangoni wanafundisha kwa Kiswahili. Watoto wetu hapa Tanzania wanamaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, na wakiingia kidato cha kwanza wanakutana na vitabu vya Kiingereza. Mgeni akija parokiani, mmoja wetu anaombwa asimame kumtafsiria. Katika nafasi zote hizo neno “get” litatokea, kwa kuwa ni kati ya vitenzi vinavyotumika sana katika Kiingereza cha kila siku, na anayelielewa vibaya anaweza kupotosha ujumbe wote.

Ukifungua kamusi kubwa utakuta maana za “get” zimejaza safu nzima na zaidi. Kuzikariri zote ni kazi ngumu, tena si ya lazima. Karibu maana zote hizo zinabeba wazo moja, nalo ni badiliko. Mtu hakuwa na kitu, sasa anacho. Hakuwapo mahali, sasa yupo. Hakuwa katika hali fulani, sasa yumo. “Get” lenyewe linasema tu kwamba badiliko limetokea. Ni badiliko gani? Hilo linaelezwa na neno linalofuata. Kwa hiyo kanuni yetu ni fupi: ukikutana na “get”, tazama kinachofuata.

Lilikotoka neno hili

Mwaka 793 mabaharia kutoka Skandinavia waliivamia monasteri ya Lindisfarne, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Baada ya uvamizi huo wengine wengi walikuja, na katika karne ya 9 wakaanza kuhamia na kulima mashamba. Lugha yao na lugha ya wenyeji zilikuwa za ukoo mmoja, na kwa kuishi jirani, kuoana na kufanya biashara, maneno yao mengi yakaingia katika Kiingereza. Mojawapo ni kitenzi “geta”, yaani kupata au kufikia. Kufikia miaka ya 1200 hivi lilikuwa limeshaanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza kama “get”. Ndiyo sababu hata leo ni neno la nyumbani na sokoni kuliko neno la vitabuni. Tutarudi kwenye jambo hilo.

1. Likifuatwa na nomino

Hapa ndipo “get” linapokaribiana na kupata, lakini hata hapa lazima uangalie ni nomino gani. “I got a letter” ni nilipata barua, au nilipokea barua. “I got bread at the shop” ni nilinunua mkate dukani. “Get your book” ni chukua kitabu chako, au kalete kitabu chako. “He got malaria” ni aliugua malaria. “Get the phone” ni pokea simu. “Get the door” ni kafungue mlango, kuna mtu anabisha hodi. Frateri anayeambiwa hivyo na mlezi wake mgeni, akabaki anajiuliza mlango utapatikana wapi, atamwacha mtu nje kwenye mvua.

Kinachofuata kikiwa ni wazo au maneno ya mtu, “get” huwa ni kuelewa. “I don't get it” ni sielewi. “You got me wrong” ni umenielewa vibaya. Hapa Kiswahili cha mazungumzo kinatusaidia, kwa sababu nasi tunaulizana kwenye simu, “Unanipata?”, na mwenzako anajibu, “Nakupata vizuri.”

Likifuatwa na mtu kisha kitu, mtu huyo ndiye anayefaidika. “I'll get you a chair” ni nitakuletea kiti. “She got him a job” ni alimpatia kazi. Angalia jinsi Kiswahili kinavyofanya: hatuongezi neno, tunanyambua kitenzi katika kauli ya kutendea, yaani leta inakuwa letea, na pata inakuwa patia.

2. Likifuatwa na kivumishi

Hapa kupata hakufai, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama. “Get” likifuatwa na neno la sifa maana yake ni kuingia katika hali hiyo. Kiingereza kinahitaji maneno mawili, ilhali Kiswahili mara nyingi kina kitenzi kimoja kinachotosha. “Get tired” ni kuchoka. “Get angry” ni kukasirika. “Get old” ni kuzeeka. “Get wet” ni kulowa. “Get rich” ni kutajirika. “Get drunk” ni kulewa. “Get better” ni kupata nafuu au kupona, na “get worse”, kama ni mgonjwa, ni kuzidiwa. “It is getting dark” ni giza linaingia.

Tofauti kati ya “get” na “be” katika nafasi hii ni muhimu. “He is angry” ni amekasirika, yaani yuko katika hali hiyo sasa. “He is getting angry” ni anaanza kukasirika. Mzazi anayesikia daktari akisema “the child is getting weak” anatakiwa kuelewa kwamba hali inabadilika sasa hivi, na asingoje hadi kesho.

Kuna moja la kuchunga. “We got lost” ni tulipotea njia. Lakini “Get lost!”, likisemwa kama amri, ni tusi: toka hapa, sitaki kukuona. Maneno ni yaleyale, ila sauti na mahali vinabadilisha kila kitu.

3. Likifuatwa na mahali

Likifuatwa na neno la mahali au la mwelekeo, “get” ni kwenda, kufika, kuingia au kutoka. “We got home late” ni tulichelewa kufika nyumbani. “How do I get to the parish?” ni nitafikaje parokiani? “Get in” ni ingia, na “get out” ni toka. Kwenye basi, “get on” ni panda na “get off” ni shuka. Katika sentensi ya dawa tuliyoanza nayo, “get to a hospital” iko katika kundi hili, na hata “get some of it in your eyes” inafuata njia hiyohiyo: dawa imetoka ilipokuwa ikaingia machoni.

4. Likifuatwa na tendo lililotendwa

“They got robbed” ni waliibiwa. “He got beaten” ni alipigwa. “She got chosen” ni alichaguliwa. Hapa “get” linafanya kazi ya kauli ya kutendwa, ile tunayoitambua kwa kiambishi -w-. Tungeweza pia kusema “they were robbed”, na maana ingekaribiana. Lakini “got” linaonyesha zaidi kwamba jambo lilimfika mtu, la heri au la shari, na ni la mazungumzo kuliko maandishi rasmi.

Mfano maarufu ni “get married”. “Juma got married” ni Juma alioa. “Rehema got married” ni Rehema aliolewa. Kiingereza hakitofautishi, Kiswahili kinatofautisha. Ukisoma “my cousin got married” huwezi kutafsiri kwa kuoa au kuolewa kabla hujajua kama ni binamu wa kiume au wa kike. Kama hujui, “alifunga ndoa” itakuokoa.

5. Likifuatwa na mtu au kitu, kisha tendo

Sentensi “I got him to speak” ina watu wawili: mmoja anasababisha, mwingine anatenda. Maana yake ni nilimfanya aseme, au nilimshawishi akasema. Kwa kawaida kuna juhudi ndani yake, kwamba haikuwa rahisi. “Get the children to wash their hands” ni hakikisha watoto wananawa mikono.

Likifuatwa na kitu kisha tendo lililotendwa, kuna njia mbili, na hapa umakini unahitajika. “He got his car repaired” ni alitengenezesha gari lake. Alitaka hivyo, akamlipa fundi. “He got his car stolen” ni aliibiwa gari. Hakutaka, balaa lilimkuta. Muundo wa sentensi ni mmoja kabisa. Kinachotenganisha ni akili ya msomaji: je, hili ni jambo ambalo mtu angelitaka? Kiswahili kinatulazimisha kuchagua, kauli ya kutendesha upande mmoja, ya kutendewa au kutendwa upande mwingine. Mtafsiri asiyejiuliza anaweza kumgeuza mtu aliyeibiwa kuwa mshiriki wa wizi.

Likifuatwa na “to” na kitenzi moja kwa moja, ni kupata nafasi au kufikia hatua ya kufanya jambo. “I never got to see him” ni sikupata kumwona. Hapa lugha zetu mbili zinakutana vizuri sana, kwa sababu nasi tunasema “sijapata kuona jambo kama hili.”

6. “Have got”

“I have got two sisters” haina maana ya kupata dada wawili hivi karibuni. Maana yake ni nina dada wawili. Vilevile “Have you got a pen?” ni una kalamu? Na “I have got to go” ni lazima niende. Waingereza wanatumia “got” pia baada ya “have” wanapozungumzia kupata, lakini Wamarekani wengi husema “gotten”. Kwao “I have got a ticket” ni nina tiketi, na “I have gotten a ticket” ni nimepata tiketi. Ukikutana na “gotten” usidhani ni kosa la uchapaji. Ni umbo la zamani ambalo Marekani ilibaki nalo.

7. Likiungana na neno dogo

Hapa “get” na neno linalolifuata huwa kitu kimoja, na maana yake hujifunzwa kwa pamoja. “Get up” ni amka, au simama. “Get rid of” ni kuondoa kabisa. “Get by” ni kujikimu kwa kidogo ulichonacho. “Get through” ni kumaliza jambo gumu, au kumpata mtu kwenye simu. “Get away with” ni kufanya kosa bila kuadhibiwa. “Get along” ni kupatana, kuishi kwa maelewano.

“Get over” inahitaji uangalifu wa pekee. Maana yake ni kupona, au kuvuka jambo lililokuumiza. Mtu anaweza kusema juu yake mwenyewe, “I have got over the flu”, yaani mafua yameniisha. Lakini kumwambia mfiwa “get over it” ni ukatili, maana ni kama kumwambia: yaache hayo, umelia vya kutosha. Anayejifunza Kiingereza ili awafariji watu ajue tofauti hiyo kabla hajaenda msibani.

Ndugu zake wawili

Kabla ya wale mabaharia kuleta “get”, Kiingereza cha kale kilikuwa tayari na maneno ya shina hilohilo yenye viambishi awali. Mawili tunayatumia hadi leo. La kwanza ni “forget”, kusahau, ambalo mwanzoni lilikuwa na wazo la kuponyokwa na kitu ulichokuwa umekishika. La pili ni “beget”, ambalo lilikuwa na maana ya kupata, kisha likabaki na maana ya kupata mtoto, hasa kwa upande wa baba. Wanaosoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 wanaliona katika ukoo wa Yesu kwenye Injili ya Mathayo sura ya 1, katika umbo la zamani la “begat”.

Neno hili la pili lina uzito kwa mwanafunzi wa teolojia. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulijibu mafundisho ya Arius, aliyesema kwamba Mwana ni kiumbe. Kanuni ya Imani ya Kiingereza inatumia “begotten” kumhusu Mwana, na inaliweka kinyume cha “made”. Hoja ni hii: mtu hutengeneza meza, na meza si mtu, lakini mtu huzaa mtu mwenye ubinadamu kama wake. Kiingereza kina neno moja linalofaa zaidi kwa baba, “beget”, na jingine kwa mama, “bear”. Kiswahili kina “zaa” kwa wote wawili, ndiyo maana tunasema “aliyezaliwa” tukimtaja Baba, na neno la shina hilohilo tukimtaja Bikira Maria. Katekista anayejua hilo atawaeleza waamini vizuri zaidi wanapouliza inawezekanaje kuzaliwa tangu milele.

Tusivuke daraja kinyume

Kama “get” si kupata kila mara, basi na kupata si “get” kila mara. Wengi wetu tunasema “I got an accident”, kwa sababu Kiswahili kinasema nilipata ajali. Kiingereza sanifu ni “I had an accident”. Tunasema “she got a baby”, kwa kuwa amepata mtoto. Mwingereza husema “she had a baby”. Karibu upate chai ni “have some tea”. Kisu kinachopata ni “sharp”. Yapata miaka kumi ni “about ten years”. Aliyepata kuwa waziri ni “a former minister”.

Hata katika Kanuni ya Imani, pale tunapoinama tukitaja kwamba Mwana “akapata mwili”, Kiingereza hakitumii “get” kabisa. Kinatumia “incarnate”, neno lililotoka Kilatini. Anayetafsiri kwa kufuata kamusi neno kwa neno angefika mahali pa aibu. Na neno letu “upatanisho”, lililotokana na pata kupitia patana na patanisha, kwa Kiingereza ni “reconciliation”, ambalo halina uhusiano wowote na “get”.

Kuandika na kuzungumza

Kwa kuwa “get” ni neno la mazungumzo, katika insha ya chuo au barua rasmi ni vema kutumia neno mahususi zaidi: “receive” kwa kupokea, “obtain” kwa kujipatia, “become” kwa kuwa, “arrive” kwa kufika, “understand” kwa kuelewa. Lakini usivuke mpaka. Mtu anayesema “I obtained malaria” au “I became wet” katika mazungumzo atachekwa, hata kama hajakosea sarufi waziwazi. Kila neno lina mahali pake pa kukaa.

Jipime

Tafsiri sentensi hizi kabla ya kutazama majibu. Moja: “When did you get here?” Mbili: “My father is getting old.” Tatu: “He got his arm broken.” Nne: “She got her brother to come back home.” Tano: “We have got to pray.” Sita: “Did you get my letter?”

Majibu: Moja, ulifika hapa lini? Mbili, baba yangu anazeeka. Tatu, alivunjika mkono. Nne, alimshawishi kaka yake akarudi nyumbani. Tano, lazima tusali. Sita, uliipata barua yangu? Katika sentensi zote sita, ni hii ya mwisho tu inayohitaji kupata.